Leo Tarehe Gani?

Kila ikiamka inauliza tarehe,
kama mgonjwa aliyezinduka katika wodi asiyoijua:
leo tarehe gani? Saa ngapi sasa?
Haikupata kuwa na betri ya kukumbukia.
Hata kule Ruwi, mwaka wa themanini na nane,
baba aliijibu kila asubuhi
kabla hajawasha feni ya duka.

Mashine yenyewe haipo. Iliuzwa kwa kilo
kwa mtu wa vyuma chakavu, Wadi Kabir,
pamoja na mizani na kabati la vioo.
Hii ni Linux yangu, meza ya jikoni, Al Khoudh,
nje digrii arubaini na sita, kiyoyozi kinaguna,
na ndani ya Linux pana dirisha dogo jeusi,
na ndani ya dirisha, emuleta,
mashine isiyo na bati wala skrubu
inayoapa kuwa ni ya bati na skrubu.

Disketi zilikuwa tisa. Saba zimeliwa na kuvu.
Mbili alinisomea Mubarak, yuko Sharja, ana kifaa chake,
akanitumia sekta kwa sekta na onyo:
"Moja ina kwikwi. Itazame, usiiguse."
Nikazifunga zisiandikike.

Mara ya kwanza ilikimbia.
Nikibonyeza mshale mara moja tu
majina ya watu yanamwagika kama mchele.
Kompyuta ya leo haijui kutembea.
Nikaipunguza, nikaipunguza tena,
nikaifunga kamba miguuni kama mbuzi wa Idi
mpaka ikafika mwendo wa baba:
kidole kimoja, cha shahada,
kikitafuta herufi Z kana kwamba imehama.

Daftari lile liliandikwa na kijana wa Kerala, Sajeevan,
kwa riali thelathini na chakula cha mchana.
Mwaka alitengea tarakimu mbili, basi.
Nikaandika ishirini na tano.
Likaelewa ni elfu moja mia tisa ishirini na tano,
likanijibu kwa adabu: HAKUNA MDAIWA.
Kweli. Hakuna aliyekuwa amekopa bado.

Basi nikasema uongo: tarehe kumi na mbili, Machi, themanini na nane.

Wakaja.
Kwa Kiswahili, maana mashine haikujua Kiarabu
na baba, mgeni katika nchi ya babu zake,
cha kuandika alikuwa bado anakisomea usiku.

BINT GHARIB. KANGA DOTI 3. 4.500. MWANAWE AKIRUDI KUWAIT.
RAMJI FUNDI. NYUZI. 1.200. MBISHI.
ASKARI WA NIZWA. KOFIA 1. 2.000. JINA SIKUULIZA.
ZUWENA. VIATU VYA SKULI. 3.200. HAJALIPA.

Nilikuwa na miaka saba.

Nikampigia simu Barka. Alicheka mpaka akakohoa.
"Duka lilikuwa la watu wawili, mie na Nassib.
Kilichotoka lazima kiandikwe,
hata kama kimetoka kwa miguu yako."
Kisha akanyamaza.
"Yule askari alilipa. Alirudi siku ya pili, na halua.
Nilisahau kumfuta."

Miaka yote hiyo, mtu wa watu,
anadaiwa riali mbili ndani ya bahasha ya karatasi.
Nikaliendea jina lake, nikabonyeza F.
Ikalia pii, moja, nyembamba:
DISKI HAIANDIKIKI. ACHA, JARIBU TENA, PUUZA?

Kufuli nililiweka mwenyewe. Nikajaribu tena.
Nikajaribu tena, kama mpumbavu.

Hatimaye nikatoa nakala.
Katika nakala nikamfuta askari wa Nizwa,
safu ikapanda, pengo likajifunika.
Viatu vyangu nikaviacha.

Baba bado yuko kwenye simu.
Anauliza vile viatu vilikuwa rangi gani.
Sikumbuki.
Sajeevan hakuweka safu ya rangi.