Mfuniko

Treni ya kutoka Kigoma ilifika Usoke saa tisa usiku,
ikasimama, na haikupiga honi tena.
Mbele huko, kabla ya Tabora, mvua ilikuwa imekula tuta;
reli zimebaki zinaning'inia hewani
kama ngazi iliyosahauliwa na fundi.

Kulipokucha tukawaona madirishani,
na mikono ya watoto inanyoosha chupa tupu.
Siku ya kwanza tuliwauzia.
Nasema kweli, kwa kuwa daftari ninalo mimi:
karanga za mia tatu ziliuzwa mia tano,
na mayai niliyauza mwenyewe.

Siku ya pili wao hawakuwa na hela
na sisi hatukuwa na uso.

Aliyeanza ni Kalunde, mke wa fundi baiskeli.
Hakuitisha kikao.
Alijitwika sufuria lake la shughuli, lile la kuazimwa misibani,
akalitua karibu na tangi la stesheni,
akapanga mafiga, akainama, akapuliza.
Kuni mbichi. Moshi ukatuita mmoja mmoja.

Ilikuwa Februari, mwezi wa kukwangua ghala,
mahindi shambani yangali yanaota ndevu.
Mzee Mihayo alileta michembe, debe moja na nusu,
akasimama hadi nikaiandika ile nusu.
Kapela mrina asali alitoa chupa moja, akasema ya watoto tu,
kisha akakaa kuilinda kama nyuki wake.
Vijana wa kwaya na vijana wa madrasa
waligombania chumvi:
nani atie, nani ameshatia;
maharage yakaiva na chumvi ya dini mbili,
na yakaliwa.

Kutoka behewa la nne akashuka bibi mmoja wa Ujiji,
Mwamini binti Feruzi, sahani yake mkononi, tupu.
Akatutazama tunavyosonga.
"Ugali gani huo mnaubembeleza? Lete mwiko."
Akajifunga kanga kiunoni.
Tangu hapo sikujua tena nimwandike upande gani,
wa wageni au wa wenyeji.

Kazi yangu ilikuwa vyombo: cha nani, kimekwenda behewa lipi, kimerudi?
Sufuria lenye uzi mwekundu, la kina Nzali.
Beseni lililotoboka likazibwa kwa sabuni.
Bakuli kumi na mbili za shule; mwalimu mkuu alizihesabu mara tatu.

Chakula kilitushia behewa la nane.
Alikuwepo baba mmoja, kashika kifuniko cha chupa ya chai.
Akachungulia chunguni, akanitazama.
Nikamkwangulia ukoko.
"Ukoko ndio wangu," akasema, "tangu utotoni."
Akautafuna taratibu, ameupa uso mgongo.
Hilo sikuliandika.

Nyumbani nilikuwa na maharage, debe zima, ya mbegu.
Usiku ule nililala nayo chumba kimoja
na hatukusemeshana.
Asubuhi nikayabeba. Kalunde hakuuliza yalikuwa wapi jana;
aliyapepeta, akatoa mawe,
akasema, "Haya yanachelewa kuiva, tuwahi."

Siku ya nne, tukiwa katikati ya kugawa uji,
honi ikalia.
Watu wakarukia milango, mtoto akarushwa kupitia dirishani,
Mwamini akapanda na mwiko wetu mkononi, hana habari,
na sufuria la Kalunde likaondoka behewa la tano, uji nusu,
likielekea Tabora, na Dodoma, na Mungu anajua.

Kalunde alikimbia nalo hadi jukwaa lilipoisha,
mfuniko mkononi.
Akasimama pale, anahema.
"Haya," akasema. "Wataumalizia njiani."

Mfuniko ule sasa unafunika mtungi wake wa maji.
Ni mkubwa, haukai sawa;
treni ikipita usiku unatetemeka, unalia kidogo,
na mumewe hulalamika.
Kwenye daftari, mbele ya jina lake,
safu ya "kimerudi" ingali wazi.
Mara mbili nimemwuliza kama niifunge kwa mstari.
Anasema, iache.