Sikio la Kushoto

Kwenye foleni ya maji, Kariobangi,
Moraa alinisalimu upande wa kushoto,
ule uliozibwa na surua
nikiwa darasa la pili.
Sikugeuka.

Kufika Jumapili nina jina jipya: Maringo.
"Tangu apate nyumba ya vigae, hana salamu."
Hilo nililisikia; lilipitia kulia.

Ulimi ukaniwasha. Nikaung'ata.
Ee Mola, wewe wajua mlango upi umekwama;
wao wanabisha tu.

Leo bomba limetapika saa kumi alfajiri.
Nimejaza mtungi wangu,
nikajaza na wa Moraa uliolala foleni,
kizibo chake gunzi,
nikauweka mlangoni pake.

Kesho nitasimama nimegeuza kichwa,
sikio la kulia likiwaelekea.
Wakisema sasa naringa hadi shingo,
amina.