Upande wa Tano

Alama nilizichapisha steshenari kwa Magesa, mia mia,
nikazibandika kwenye maboksi ya sabuni, nikakata:
kadi sitini na nane, kila moja na michoro yake myeusi
kama dirisha lililovunjwa na mtoto mwenye hesabu.
A ikiwa juu, umejibu A. Pindua, B. Pindua, C. Pindua, D.
Nami napitisha simu yangu yenye ufa, taratibu,
kama mtu anayemulika chumba akitafuta ufunguo.
Zamani nilisahihisha hadi mbu wakachoka,
madaftari sitini na nane, wino mwekundu vidoleni.
Leo, dakika moja.

Swali la nne: ipi kubwa,
theluthi mbili au robo tatu?
Mikono juu. Nje, Igombe inaanika dagaa,
harufu inaingia bila hodi, inakaa dawati la mbele.
Kwenye kioo majina yanawaka,
kijani, jekundu, kijani, kijani,
namba ishirini na tatu: kimya.
Mbuke Lugwisha.
Na mkono ameunyoosha kuliko wote.

Nikasema ni mwanga. Madirisha yetu hayana vioo,
na saa nne asubuhi ziwa linarusha jua darasani
kama mtu anayemwaga maji ya beseni.
Alhamisi nikaziba dirisha kwa khanga. Kimya.
Nikamkatia kadi mpya. Kimya.
Mwalimu mkuu Nchagwa akasema: mtandao huo.
Nikamwambia hii haihitaji mtandao.
Akasema: basi betri.

Ijumaa nikaitia simu mfukoni, nikatazama kwa macho.
Kidole gumba!
Kidole gumba chake, gamba la sato bado limenasa ukuchani,
kimelala juu ya pembe ya alama
kama anayejiziba mdomo kanisani.

— Mbuke, mbona unaificha?
— Mwalimu, kadi ina pande nne.
Zote zinasema najua.

Chaki ikaniyeyukia mkononi.
Mimi mwenyewe nimefika hapa kwa kubahatisha,
moja kati ya nne, weka alama, usiache wazi,
ndivyo tulivyofunzwa, ndivyo nilivyofaulu.

Jumatatu akaja na sado mbili za mama yake.
Moja akaigawa kwa chaki mara tatu, nyingine mara nne,
akamimina dagaa hadi mstari, darasa zima limemzunguka,
wa nyuma wamepanda madawati.
Nikabonyeza kurekodi.
Ninayo mpaka leo, sekunde hamsini na mbili:
injini ya mtumbwi, mtu anapiga chafya, kisha yeye:
"Hii imebakiza theluthi tupu. Hii imebakiza robo tupu.
Theluthi ni... subiri.
Subiri.
Basi yenye tundu dogo ndiyo imejaa!"

Ile "subiri" ya pili ndiyo niliyoipa alama.
Nchagwa akaitafuta kwenye fomu, safu kwa safu,
akauliza niandike wapi.

Siku hizi asiyejua anageuza mgongo wa kadi,
ule wenye picha ya povu na mwanamke anayecheka.
Simu haiusomi. Mimi nausoma.
Jana nilifundisha desimali, nilifundisha vizuri,
nilijisikia nikifundisha vizuri,
nikauliza swali moja tu, jepesi.
Wanawake arobaini na mmoja wakanicheka
kutoka kwenye maboksi ya sabuni.
Kioo kikaandika: waliojibu, ishirini na saba.
Mbuke alikuwa mmoja wao, C, na hakupata,
kidole gumba kimekaa pembeni, hakina kazi.

Nikafuta ubao hadi juu kabisa, hata tarehe.
— Nani kwao kuna mizani?
Mikono ikapanda bila kadi.