Mbele ya Pua

Salalah, mwezi wa saba. Manyunyu hayanyeshi,
hayakatiki; yanakaa tu hewani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Uwanja umelowa, mistari ya njano inateleza,
na ndege iliyotoka Maskati imefunuliwa pua,
kifuniko juu, kimeegemea vyuma viwili.

Ndani mna rada.
Ungo bapa, si mkubwa kuliko wa kupepetea mchele,
hugeuka kushoto, kulia, kushoto,
ukiyauliza mawingu yana nini tumboni.
Nilipomsimulia bibi alicheka hadi akakohoa:
"Kumbe na wazungu husafiri kwa ungo!"

Nilikuwa nimeinama chini yake,
tochi mdomoni, nikitafuta kutu kwenye bawaba.
Kitambaa chekundu chenye neno USIWASHE
kilikuwa mfukoni mwangu.
Mfukoni.
Nilijiambia nitakwenda kukitundika
nikishamaliza bawaba ya pili.

Huko juu rubani, mtu mpole, ana haraka zake,
alitaka kujua Mirbati kumeziba kiasi gani.
Mkono wake ukaenda kwenye swichi
kama wako unavyoiendea swichi ya taa chumbani,
gizani, bila kutafuta.

Thuwein akapiga ukelele.
Kazini ni Kiingereza na rubani, Kiarabu na afisa,
na Biju wa Kerala tunasemezana kwa vidole na spana.
Kiswahili ni cha nyumbani, cha nyuma ya mlango.
Siku ile hakupata nafasi ya kuchagua:
"Toka hapo! Toka mbele ya pua, we mtoto!"
Nami nikatoka kabla sijaelewa,
kama nilivyokuwa nikitoka jikoni mafuta yakiruka.

Hakuna kilichoonekana. Hilo ndilo.
Hakikunuka, hakikulia, manyunyu hayakusita.
Mionzi hii haikuungui ukapiga yowe,
inapasha kimyakimya, na mwili una damu ya kujipoza,
ila lenzi ya jicho haina hata tone.
Wahenga walisema macho hayana pazia.
Wao walikuwa na habari ya watazamaji.
Thuwein ana habari ya mboni.

Mwenyewe ana ukungu jicho la kushoto,
mtoto wa jicho; daktari kasema sukari na umri.
Labda.
Alianza kazi enzi ambazo mtu alisimama popote,
akala mkate wake popote,
na hakuna aliyemwonyesha popote ni wapi.
Hadai kitu kwa mtu.
Ila kitabu kikisema mita tano, yeye huongeza kumi zake,
na gari la mafuta likiinywesha ndege ya jirani
huenda kwa miguu kuuliza nani yuko juu, swichi iko wapi.

Rubani alishuka, uso umempauka.
Alikuwa amefika kwenye alama ya jaribio tu, akaapa,
ungo haujarusha chochote.
Tulimwamini. Thuwein aliandika ripoti vile vile,
jina la rubani, kisha langu, na neno "mfukoni" akalipigia mstari.
Nikatia saini.
Akanyoosha kiganja, nikampa kitambaa.
Alipanda ngazi mwenyewe kukitundika,
akipapasa reli kwa upande asiouona vizuri.

Jioni bibi alikuwa akipasha mkate wa mofa
kwenye maikrowevu, sahani ikizunguka, taa ikiwaka.
Nikasita kizingitini.
"Mbona umesimama kama mdai? Ingia."
Nikamwambia, hayo mawimbi ni ndugu na ya kazini.
"Ndugu wengine," akasema, "ukiwafungia mlango wanakupikia."
Nikaingia, nikavuta kiti.
Mita za kitabu nilizivuka zote,
ila hatua moja, ya Thuwein,
nikaibakiza.