Beseni Chini ya Mforosadi

Wiki ya sita, na Kecskemét haijaona tone.
Redio imeshazoea: kesho thelathini na nane,
keshokutwa vilevile, halafu muziki.
Halmashauri imepiga marufuku mipira ya maji bustanini,
kwa hiyo tunaogea karaini, mimi na Gergely,
mmoja baada ya mwingine kama watoto,
na maji yetu ya sabuni huyanywa minyanya.
Maji safi, bilauri tatu kila alfajiri,
hayo ni ya beseni la bluu lenye ufa
chini ya mforosadi.

"Bilauri tatu!" asema Gergely.
Alikuwa fundi wa mita za maji miaka thelathini na mmoja,
hawezi kuona tone bila kulihesabu.
"Ndege wana mto wao, wana Tisza."
Tisza iko kilomita thelathini.
Namwambia aende yeye, saa nane mchana,
amevaa manyoya,
kisha arudi anisimulie.

Sitadanganya: bustani inatia huruma.
Nyasi zina rangi ya mkate uliosahauliwa mezani.
Udongo umepasuka, kidole kinazama, hata viwili.
Haidrenjia niliyopewa na shangazi Borbála
imekata tamaa tangu Julai.
Lakini alizeti,
zile nilizoambiwa nizing'oe, nami nikajifanya sikusikia,
zimeinama zote kama wanafunzi waliofeli,
na juu ya visogo vyao wamejaa chiriku.

Chiriku kumi na wanne!
Uso mwekundu, bawani ukanda wa dhahabu,
wanabangua, wanatema maganda,
wanasema wote kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenziwe.
Na mimi ndiye ninayeitwa chiriku nyumbani humu.

Jurawa wanaoga vumbi palipokuwa na karoti.
Karoti hazikuota, shimo limepata wapangaji.
Hua mmoja yuko juu ya waya wa nguo,
analia kilio chake cha koo lililokauka,
kru, kru, kru,
na nyenje wanakereza mchana kwa msumeno mmoja usiokwisha.
Paka wa jirani amelala ubavu chini ya toroli.
Joto limemtia dini.

Kisha Jumanne akaja hudihudi.
Alitua karibu na lundo la mbolea,
akakunjua kilemba, akakikunja,
kama mtu aliyeingia arusi isiyo yake.
Akatembea. Hakuruka, alitembea,
hatua, kichwa, hatua, kichwa,
mpaka ukingoni mwa beseni.
Chai yangu ikapoa mkononi.
Akatumbukiza ule mdomo mrefu uliopinda,
akainua uso mbinguni, koo likacheza.
Mara moja. Mara mbili.

Gergely alikuwa nyuma yangu, ndara mkononi,
sijui tangu lini.
Akaninong'oneza: "Amekunywa kiasi gani, wadhani?"
Nikamjibu: "Fundi ni wewe."

Jana jioni keremkerem walipita juu, kundi zima,
kijani na kahawia na koo za manjano,
wakiita kwa sauti ya kengele za baiskeli zilizoingia maji.
Kusini. Kila mwaka huondoka
nikiwa bado sijamaliza kuwatazama.
Nilisimama na shingo yangu mbovu hadi anga ikabaki tupu,
bila hata wingu la kusingizia.

Leo nimeamka, beseni limeshajazwa.
Ndani yake, kwa kalamu isiyofutika,
kuna mistari iliyonyooka: nusu lita, lita, lita na nusu,
na pembeni, kwa herufi ndogo za ofisini,
tarehe.
Sijasema neno. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, miguu peku,
saruji bado ina uvuguvugu wa jana.
Nyigu amesimama kwenye alama ya lita moja na nusu,
anakunywa, tumbo linapwita.
Redio inasema thelathini na tisa.
Chiriku wameanza.