Kutoka Barabara ya Tatu

Nilipomwita mke wangu kwa jina la dada yake
alinitazama kama mtu anayehesabu chenji pungufu.
Wiki ile ile nikasahau neno la kitu kile cha kufagilia.
Nilikionyesha kwa kidole, kama mtoto.

Bombo wakanipima sukari, wakanipima presha.
Mwisho Dokta Hoza, binti wa rika la wajukuu zangu,
akaifunga kalamu yake:
"Mzee Sechonge, miguu yako ipo?"
Nikatazama chini. Ipo.
"Basi anza nayo. Kila siku. Usingoje hamu."

Nikaanzia ya Tatu, baada ya alfajiri,
nikakomea ya Tano, goti likilia kama mlango wa stoo.
Baiskeli zikanipita, kengele juu ya kengele,
wauza mikate wakinionea huruma.
Siku ya pili, ya Sita.
Siku ya tatu mvua; nikadanganya kwamba nimekwenda.

Mwezi wa pili damu ikaijua njia.
Usingizi ukaja bila kubembelezwa,
mkanda ukadai tundu jipya,
na kichwani, palipotanda ukungu kama wa Amani,
mtu akawa anafungua madirisha, moja moja.

Ya Saba: ufagio! Nikacheka peke yangu njiani.
Ya Tisa: namba ya mzani wa ghala la mkonge
nilikoandika marobota miaka ishirini na sita.
Ya Kumi na Moja, kwenye moshi wa vitumbua,
jina la mke wangu, zima, na la baba yake:
Mwanamvua binti Kilua.
Nikalirudia mpaka ya Kumi na Nne
nisije nikalidondosha kama sarafu, mfuko umetoboka.

Huku kwetu husema waja leo, waondoka leo.
Majina yangu yalikuwa yakiondoka tu.
Sasa mengine yanarudi, na mizigo yao.
Si yote. La mwalimu wangu wa kwanza bado;
labda limehamia ng'ambo ya ya Ishirini na Moja,
nami sijafika huko.

Jana soli ya kushoto ikaachama.
Nikiwa njiani kwa Shemdoe, fundi viatu,
pale ya Kumi na Sita nikakumbuka:
elfu nne zake, tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Nikampa. "Za nini?"
Kasahau mwenyewe. Hukaa kwenye kibao kile
toka asubuhi hadi isha.
"Shemdoe," nikamwambia, "miguu yako ipo?"

Akatazama chini, akaanza kuitafuta
katikati ya viatu vya watu.