Mguu wa R

Wiki sita tulifanya mazoezi pale Mkwakwani,
mimi, chokaa, filimbi, na watoto mia mbili na kumi
wa shule saba.
Kila mtoto nilimtegea kijiwe chake majanini:
wewe ukingo wa U, wewe daraja la H,
wewe Kiango acha kujikuna, herufi haijikuni.

Neno hukaa hivyo, kwa vijiwe,
kwa soksi nyeupe za kuazima,
kwa uji wa saa nne unaofika saa saba,
kwa Mama Semboja wa Barabara ya Tisa
aliyeshona bukta zote kwa cherehani ya miguu
na hajalipwa. Nimelisema, lisomeke.

Desemba tisa ikatoka na jua lake,
jua la Tanga halina hodi.
Bendi ya magereza ikakohoa kwenye matarumbeta.
Wenye viti vilivyovishwa vitambaa wakaketi kivulini,
wenye kanga wakazitandaza vichwani.
Chupa za maji mezani zilipangwa sawasawa,
halaiki ile haikuhitaji mwalimu.

Simu ikatetemeka mfukoni.
Lori la Pongwe limekata shafti Kange.
Dereva yu mvunguni, watoto wanagombea embe.
Tisa. Nikahesabu kwenye karatasi yangu yenye jasho:
wote tisa ni mguu wa R.

Na R isiyo na mguu, msomaji, unaijua.

Nikapuliza. Filimbi haijui kusema ngojeni.
U ikakaa. H ikanyoosha mikono.
Zikatulia zote, zimenyooka, zinapendeza,
na mbele ya mkoa mzima tukaandika
UHUPU.

Aliyeanza ni muuza kashata.
"Uhupu ndio nini?"
"Ndio ule tuliogawiwa sisi wa Makorora,"
akajibu mmoja, kijiti mdomoni,
kicheko kikapita upande wa jua wote,
kikavuka kamba, kikafika kivulini,
huko wakakimeza na maji.

Ndipo Bi Nuswe, mfagizi wa uwanja,
akaegemeza ufagio wake wa chelewa langoni.
Wiki sita alifagia akivikwepa vijiwe vyangu,
anavijua kama mtu ajuavyo meno yake.
Akaenda akasimama juu ya cha kwanza.
Hakuitwa.
Akafuata muuza askrimu na boksi lake begani,
mgambo aliyeiacha kamba ijilinde,
Mhando wa bodaboda, kofia ngumu kichwani,
mama mmoja na mtoto mgongoni, kijiwe kimoja wawili,
wapiga picha wawili waliokosa wateja,
Mama Semboja, futi ya kupimia ingali shingoni.
Nane.

Cha tisa nikakisimamia mimi.

Walisema ilisomeka. Walipiga makofi, nilisikia.
Lakini ukiwa ndani ya neno hulioni:
unaona kisogo cha Mama Semboja,
jasho likishuka kwenye futi, sentimita kwa sentimita,
na nyasi, na ncha za viatu vyako.

Hotuba ikataja maji, barabara, katani itakayorudi.
Saa saba watu wakatawanyika,
vitambaa vikavuliwa vitini.

Lori la Pongwe likaingia saa nane.
Watoto tisa wakashuka, soksi zina grisi na utomvu wa embe,
wala hawakuuliza kitu.
Kila mmoja akatafuta kijiwe chake, akakipata, akasimama,
mshazari mmoja mtupu katikati ya uwanja.

Nikapanda jukwaani, kwenye kiti kilichobaki,
nikawatazama kwa muda wa kutosha.
Kisha nikaitafuta filimbi.